Mume na Mke Juu ya Gogo

Juzi, baada ya habari za saa saba, nilikuwa nimekaa jikoni kwangu hapa Yamumbi nikimenya viazi, redio ikisoma matangazo ya vifo. Mtu wa umri wangu husikiliza matangazo hayo kwa makini kuliko hata habari zenyewe. Mtangazaji akasoma majina matatu ya mzee mmoja wa Maragoli, akataja watoto wake na kazi zao, mmoja mwalimu, mmoja wa Posta, mmoja yuko bandarini Mombasa, kisha akasema marehemu aliwahi kuwa mpishi wa Wazungu Eldoret kwa miaka mingi. Nikazima redio. Mke wa jirani, ambaye alikuwa amekuja kuomba chumvi, akaniuliza, "Ni mtu wenu, Mzee?" Nikamjibu hapana, si mtu wetu. Hilo lilikuwa kweli, na ndilo lililoniuma. Kumbe Shem, mpishi huyo, alikuwa hai miaka yote hii, na nyumba yake haiko mbali na barabara ya Kisumu ambayo nimepita mara zisizohesabika nikiwa nimesinzia kwenye basi. Sikuwahi kuteremka. Jirani alipoondoka niliendelea kumenya viazi mpaka nikakuta nimemenya vya watu sita, na mimi hula peke yangu tangu mke wangu aliponitangulia.

Mwaka ninaoukumbuka ni ule kabla ya Hali ya Hatari kutangazwa. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Mambo ya nyumbani na ya shule nitayaruka, maana hayana ajabu. Inatosha kusema kwamba nilitoka Bunyala, pale mto Nzoia unapoingia ziwani, nikaja Eldoret, mji ambao wazee wa wakati ule walikuwa bado wanauita Sisibo. Nilikuja na barua ya padri mfukoni na viatu vya binamu yangu miguuni. Ile barua ilinipatia kazi katika duka la picha la Mhindi mmoja aliyeitwa Kantilal. Yeye alikaa mbele, kwenye kaunta, akiwapokea Wazungu na filamu zao. Mimi nilikaa nyuma, katika chumba cha giza, nikiosha filamu kwenye beseni za dawa na kuzichapisha kwenye karatasi. Ni kazi nzuri kwa mtu mwenye watu wa kurudi kwao jioni. Mimi sikuwa nao. Nilitoka mle saa kumi na moja macho yamekuwa mekundu na mikono inanuka dawa, na kule lokesheni, mtaa wetu Waafrika, kulikuwa na wanawake waliosogea kando nikija kuchota maji bombani, kwa sababu ilisemekana kwamba mimi huzamisha nyuso za watu ndani ya maji gizani. Hawakunichukia. Waliniogopa tu, na mtu anayeogopwa hasalimiwi.

Chumba changu nilikigawana na mtu wa reli aliyefanya kazi ya kutia makaa kwenye gari la moshi. Tulikuwa na kitanda kimoja kwa zamu. Yeye alilala mchana nikiwa dukani, mimi nikalala usiku akiwa njiani kuelekea Nakuru au Tororo. Katika mwaka mzima nadhani tulionana ana kwa ana mara kumi. Nilimjua kwa sufuria. Akibakisha ugali nilijua ana furaha, akiikwangua mpaka chini nilijua wamemtuma safari ndefu. Siku moja aliniachia nusu ya samaki mkavu juu ya kifuniko, nikakaa na yule samaki nikimtazama kwa muda mrefu kabla sijamla, kwa kuwa alikuwa samaki wa kwetu. Jumapili baada ya kanisa nilikuwa nikishuka hadi Sosiani kutafuta maji ya kutazama. Sosiani si ziwa. Nilikaa juu ya jiwe, baridi ya Julai ikipenya koti, harufu ya magome ya miti ya miwati ikishuka na upepo kutoka kiwanda cha dawa ya ngozi, na ndege pekee niliyemwona kwa majuma mengi alikuwa fundichuma mmoja, yule wa kahawia mwenye kichwa kama nyundo, ambaye kwetu hakuna mtu anayemgeuzia shingo. Nilimsalimu kwa lugha ya nyumbani. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yangu ya juma.

Basi, mwezi huohuo, Kantilal alifungua mlango wa chumba cha giza bila kubisha, jambo ambalo yeye mwenyewe alilikataza, akaniambia nije mbele upesi. Kwenye kaunta alisimama mwanamke wa Kizungu wa miaka sitini hivi, mrefu, amevaa koti la mwanamume. Nitamwita Memsabu, kama tulivyomwita. Mumewe alikuwa amefariki mwezi wa tano. Picha zilizokuwa mbele yake nilizichapisha mimi siku iliyotangulia, kumi na sita, na nilipokuwa nikizichapisha nilimhurumia aliyezipiga. Kamera ilikuwa ile ndogo ya sanduku, ndege walikuwa mbali, na mkono ulikuwa umetetemeka. Zilikuwa picha za maji na vidoadoa. Memsabu alikuwa ameshika moja, ya saba, yenye kitu cheusi cha mviringo juu ya maji kama kofia iliyodondoka. Kantilal alikuwa akimweleza kwamba filamu iliingia mwanga, na kwamba duka halina kosa.

Nilipaswa kunyamaza. Lakini nilikuwa sijazungumza na mtu tangu Jumatatu. Nikasema, "Hii si mbaya, Memsabu. Hii ni ndege. Anajifunika." Nikainua mikono yote miwili, nikaizungusha mbele ya uso mpaka vidole vikagusana, nikainamisha kichwa ndani. Kwetu yuko ndege mweusi wa miguu mirefu ambaye akivua hufanya hivyo kwa mabawa, anatengeneza kivuli, samaki wadogo wanaingia kivulini wakidhani wamepata usalama, naye anawaokota. Kantilal alinikodolea macho kama mtu aliyeona mbuzi wake akisoma gazeti. Memsabu aliitazama picha, akanitazama, akasema kwa Kiswahili chao kile cha mashambani, "Wewe naona ndege hapa? Mimi naona kofia tu." Kisha akasema, "Jumamosi kuja kwangu. Leta macho yako."

Nyumba yake ilikuwa ya mawe, mwendo wa nusu saa kutoka mjini, ng'ambo ya Sosiani. Jumamosi duka lilifungwa saa saba, na saa nane nilikuwa mlangoni nikiwa nimejipaka mafuta hadi kwenye masikio. Aliyenifungulia alikuwa mpishi, mtu mfupi wa miaka arobaini na kitu, aproni nyeupe, miwani iliyofungwa kwa uzi. Huyo ndiye Shem. Akaniangalia kuanzia viatu kwenda juu. "Wewe kijana," akasema, "unabisha mlango ya mbele kama nani? Gavana?" Nikamwambia nimeitwa. "Hata mimi niliitwa," akasema, "miaka kumi na nne sasa, na hiyo mlango sijawahi kuingilia." Memsabu akaniita kutoka ndani, nami nikapita mbele ya Shem. Nakumbuka nilipita nikiwa nimenyoosha shingo. Ujana ni maradhi.

Tulikaa kwenye meza ya chumba cha kulia, karibu na dirisha, kwa sababu ya mwanga. Juu ya meza kulikuwa na zile picha kumi na sita, kitabu kinene cha ndege chenye michoro ya rangi, na daftari la mumewe. Katika daftari alikuwa ameandika namba, moja hadi kumi na sita, na mbele ya kila namba ameacha nafasi ya jina. Hakujaza hata moja. Walikwenda Naivasha kwa likizo, majuma mawili, naye alikusudia kuyatafuta majina akirudi nyumbani. Lakini gari la moshi lilipopita Timboroa usiku ule baridi ilimwingia kifuani, akafika Eldoret akiwa amebebwa, na hakuinuka tena. Memsabu alitaka kuzijaza zile nafasi. Alikuwa amejaribu kwa kitabu, akashindwa, maana kitabu kilieleza ndege kwa rangi, mguu mwekundu, shingo ya kijivu, na picha zote zilikuwa nyeusi na nyeupe. Mimi sikuwahi kuwajua ndege kwa rangi. Asubuhi ziwani, jua likiwa mbele yako, ndege wote ni weusi. Unawajua kwa namna wanavyosimama, kwa kina cha maji wanayoyapenda, kwa jinsi wanavyokaa wakishiba. Naivasha sijafika hata leo, lakini ndege wake walikuwa wale wale wa kwetu.

Kwa hiyo nilimwuliza maswali. Hapa Bwana alisimama wapi? Maji yalikuwa na nyasi au yalikuwa wazi? Huyu alikuwa anatembea au amesimama tu? Akafumba macho kukumbuka, nami nikainuka na kumwonyesha: yule anayetembea juu ya majani ya yungiyungi kwa vidole virefu, akiinua mguu kama anayekanyaga kaka za mayai, yule mwenye mdomo wa kijiko anayefagia maji kushoto na kulia. Nilipofagia chumba cha kulia kwa mdomo wa mkono wangu, Memsabu alicheka. Nyuma ya mlango wa jikoni kitu kikaanguka sakafuni. Halafu tukafungua kitabu, tukamtafuta mwenye mdomo wa hivyo na mguu wa hivyo, yeye akaandika jina la Kiingereza katika daftari chini ya mwandiko wa mumewe. Shem akaleta chai. Ya Memsabu ilikuwa kwenye kikombe chembamba chenye maua, yangu kwenye kikombe cha bati, juu ya sinia moja. Jumamosi ya tatu Memsabu alimwambia Shem aniletee chenye maua. Shem alikileta, akakiweka mbele yangu taratibu sana, akasema kwa sauti ya chini, "Usivunje, karani. Hiyo ni ya wageni." Nikajiona nimefika.

Sasa nikiwa mzee najua nilichokuwa nikikitaka pale, na hakikuwa chai. Nilitaka mtu wa kunisubiri. Kila Jumamosi kulikuwa na mtu mmoja katika mji wote wa Eldoret aliyetazama saa akijua kwamba mimi nakuja, na hilo lilinitosha kuvuka juma zima la giza. Hata Kiswahili chake kibovu nilikipenda, kwa kuwa alikitumia kunieleza mambo. Kila picha ilifungua siku fulani. Hii Bwana aligombana na mwenye mashua. Hii alikuwa amejifunga blanketi kama mwanamke wa Kinandi. Nilimwonea wivu marehemu yule, nasema kweli, nikawaza kwamba nikifa mimi hakuna atakayekumbuka hata nilikuwa nimevaa nini. Nikaanza ujanja. Tulipobakisha picha saba, nilimtambua ndege mara moja nikajitia sijui. Nikakuna kichwa. Nikasema, "Huyu ni mgumu, Memsabu. Nikamfikirie mpaka wiki ijayo." Bata wa kawaida kabisa, ambaye mtoto wa miaka mitatu kwetu angemtaja, nilimfikiria kwa majuma mawili.

Picha ya kumi na moja sikuweza kuifikiria. Nilipoiona tu maneno yalinitoka. Ilikuwa na gogo lililokufa katikati ya maji, na juu yake ndege wawili weusi. Mmoja, mnene kidogo, alikuwa amening'iniza mabawa yake kama nguo zinazoanikwa. Wa pili alikuwa mwembamba, shingo ndefu imepinda kama nyoka. Nikasema, "Hawa ni mume na mke." Nikamweleza vile ninavyojua na vile anavyojua kila mtu kwetu: huyu anayeanika mabawa ni mume, huyu mwenye shingo nyembamba ni mkewe, huwakuti mbalimbali, gogo lao ni moja. Mvuvi akimnasa mmoja kwenye wavu kwa bahati mbaya na ndege huyo akafa, humwachia mwenzake samaki mmoja juu ya gogo, samaki wa matanga, ndipo anapiga kasia kwenda zake. Baba yangu nilimwona akifanya hivyo, akavua na kofia.

Memsabu aliiweka kalamu mezani, nikadhani nimemkosea. Kisha akaniambia jambo ambalo sidhani alimwambia mtu mwingine. Siku ile ndani ya mashua walikuwa wamenuniana. Yeye alitaka waiuze nyumba warudi kwao Uingereza, mumewe alitaka azikwe Eldoret. Mumewe alikuwa akipiga picha, akamwambia, "Tazama wale wawili." Yeye alikuwa na hasira, akageukia upande wa pili. "Mimi hapana tazama," alisema. "Yeye nasema tazama, mimi hapana tazama." Alichukua kalamu, na badala ya kutafuta jina kitabuni akaandika chini ya ile picha, kwa herufi kubwa, mume na mke, kwa Kiingereza. Wiki iliyofuata aliniagiza niikuze picha hiyo ili aitie kwenye fremu.

Niliikuza mwenyewe, Jumatano, katika chumba cha giza. Karatasi ikiwa ndani ya dawa picha huja polepole. Lilianza kuja gogo, yakaja mabawa, vikaja vichwa. Ilipokuwa ndogo sikuwa nimeiona midomo. Sasa niliiona. Mmoja mdomo wake ulikuwa umepinda ncha kama ndoana, wa pili ulikuwa umenyooka kama sindano ya kushonea magunia. Nilijua bata dume na bata jike wanaweza kutofautiana manyoya, lakini sikuwahi kusikia mume na mke wanaotofautiana mdomo. Jumamosi, Memsabu alipokwenda kuongea na mtu wa ng'ombe nje, nilifungua kitabu. Walikuwa kwenye kurasa mbili tofauti. Mnandi, yule wa mdomo wa ndoana, ukurasa wake, dume na jike. Mbizi, yule wa mdomo wa sindano, ukurasa wake, dume na jike. Kila mmoja alikuwa na mwenzi wake mwingine kabisa. Hukaa gogo moja kwa sababu magogo ni machache. Kwetu tulikuwa tumewaozesha ndege ambao hata si kabila moja, na tukawapelekea samaki wa matanga vizazi kwa vizazi.

Nilikifunga kitabu. Juu ya meko, ile picha ilikuwa imekwisha kutiwa fremu, na chini yake yale maneno. Memsabu aliporudi aliitazama kwanza kabla ya kuketi, kama mtu anayehakikisha mtoto bado amelala. Sikusema kitu. Sikusema Jumamosi hiyo wala mbili zilizofuata. Ningetaka kuandika kwamba nilinyamaza kwa kumhurumia, na kweli nilimhurumia, lakini sababu kubwa ilikuwa mimi. Nikisema nilikosea hili, ataniuliza na zile nyingine. Atakumbuka bata wa majuma mawili. Nitarudi kwenye jiwe langu pale Sosiani na fundichuma wangu.

Kilichonitoa kwenye ukimya huo ni maneno ambayo sikupaswa kuyasikia. Jirani yake mmoja, mwanamke wa Kizungu mwenye sauti ya kuitia ng'ombe, alikuwa barazani akizungumza naye nami nikiwa mezani. Kiingereza changu kilikuwa cha shule, lakini kilitosha. Alisema watu mjini wanaongea, kwamba anakaa meza moja na boi wa Mhindi. Memsabu akajibu kwamba boi huyo anajua ndege kuliko wao wote, na kwamba Jumapili anakuja kutoka Nairobi rafiki wa marehemu, bwana ambaye maisha yake yote ni ndege, naye atamwonyesha albamu na ile picha ya kwenye meko, na wote waje waone. Alisema kwa fahari. Jasho likanitoka, kwenye baridi ile. Nilimwona akilini yule bwana wa Nairobi akisimama mbele ya meko, akisoma yale maneno, akitabasamu.

Nikaingia jikoni kumtafuta Shem, mara yangu ya kwanza kupita ule mlango. Alikuwa akikata kitunguu. Nikammwagia mtama wote. Alisikiliza bila kuacha kisu. "Nyamaza tu," akasema. "Tangu hiyo picha ikae hapo, Memsabu anakula. Zamani nilikuwa narudisha sahani vile nilipeleka. Sasa wewe unataka kuleta habari ya mdomo?" Nikamwambia Jumapili watamcheka. Akasimamisha kisu. "Watamcheka mbele ya watu?" Nikasema ndiyo. Akafikiri, akavuta kamasi la kitunguu, akasema, "Basi enda umwambie. Lakini mwambie polepole. Na ujue hautakaa tena hiyo kiti." Nilimchukia kwa hilo, kwa sababu nilijua.

Nilimwambia hapo hapo, kabla moyo haujarudi nyuma. Nilifungua kurasa zile mbili, nikaweka kidole kwenye mdomo wa kwanza, kisha wa pili, kisha nikaileta fremu kutoka kwenye meko. Alivaa miwani. Alitazama kwa muda mrefu. "Hapana mume na mke?" aliniuliza. "Hapana, Memsabu. Kila mmoja ana wake." "Bwana nakosa?" "Bwana hakukosa. Bwana alisema tazama wale wawili, basi. Mume na mke nilisema mimi." Nilipoyasikia maneno yangu mwenyewe nilitamani niyameze. Aliitoa picha kwenye fremu, akaigeuza uso chini, akaweka kiganja juu yake. "Wewe nasema kweli," alisema. "Asante." Hakuwa na hasira. Hasira ningeiweza. Nilimwuliza kama nije Jumamosi, zilikuwa zimebaki picha mbili. Akasema atatuma mtu. Kikombe changu chenye maua kilikuwa bado kimejaa, na nilikiacha vile vile.

Hakutuma mtu. Nitaeleza kwanza yaliyotokea baadaye, maana si mengi. Yule bwana wa Nairobi alikuja Jumapili akaisifu sana picha ya saba, ya ndege anayejifunika, akasema hata yeye hajawahi kuwa na picha yake. Hayo niliyapata kwa Kantilal, ambaye aliletewa ile filamu ichapishwe upya. Picha ya kumi na moja haikuagizwa. Kabla mwaka haujaisha Memsabu aliuza nyumba akaenda Uingereza, mumewe akabaki kwenye makaburi ya Eldoret kama alivyotaka, na Shem akarudi Maragoli. Mimi nilihamia kazi nyingine, nikaoa, nikazoea. Mtu huzoea. Lakini ukiniuliza upweke ule ulinitoka lini, siwezi kukutajia siku. Ninachoweza kukutajia ni siku moja ambayo ungeweza kunitoka.

Ilikuwa Jumamosi iliyofuata. Nilikwenda bila kuitwa. Niliosha shati, nikapaka viatu mafuta, nikajiambia huenda aliyetumwa alinikosa. Mlango wa mbele ulikuwa umefungwa na mapazia yameteremshwa. Nikazunguka nyuma. Shem alikuwa amekaa mlangoni pa jikoni, bila aproni, na hapo ndipo nilipogundua kwamba sikuwahi kumwona bila aproni. "Memsabu amelala," akasema. "Alisema picha iliisha." Nikajibu kwamba najua. Nikageuka. "Ngoja, karani," akasema. "Nilijua utakuja."

Ndani, karibu na jiko la kuni, alikuwa ameweka vigoda viwili, na juu ya sanduku kulikuwa na viazi vitamu vilivyochemshwa, bado vinatoa mvuke, na sufuria ya chai ya kupikwa pamoja na maziwa, ile chai yetu, siyo ile ya mle ndani. Alimimina vikombe viwili vya bati mpaka juu. "Viazi imetoka kwetu," akasema. "Keti. Mimi miaka kumi na nne nakunywa chai hapa peke yangu. Hiyo Jumamosi zote nilikuwa nasikiliza nyuma ya mlango, mkifanya ndege. Nilikuwa nacheka mpaka naangusha vitu." Alifuta kigoda kimoja kwa kiganja. "Lakini mambo ya ndege wacha. Niambie kwenu. Kukoje huko?"

Mwaka mzima hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza swali hilo, wala Memsabu, wala Kantilal, wala padri wa lokesheni. Nilisimama pale mlangoni. Kupitia mlango wa pili, uliokuwa wazi kidogo, niliona ile meza karibu na dirisha, na kile kiti, kimesukumwa ndani. Nikakitazama kigoda. Kilikuwa kifupi, kina masizi. Nikamwambia, "Leo nina haraka, Mzee."

Shem aliniangalia, akaviangalia vikombe viwili alivyokwisha kuvimimina. "Sawa, karani," akasema. Nikatokea lango la nyuma, nikateremka barabarani nikitembea upesi upesi kama mtu anayesubiriwa, na nilipofika kwenye daraja nikasimama, kwa sababu sikuwa na mahali pa kwenda.